Mgeni wa Dominika asigeuzwe sherehe

Tukitoka misa ya pili tunasalimiana vizuri sana pale nje. Tunaulizana habari za watoto, tunakumbushana michango, kisha kila familia inashika njia yake. Wapo watu tuliokaa nao benchi moja kwa miaka na hatujui wanakula nini, wala kama wanakula. Kwenye jumuiya ndogo ndogo kuna nafuu, maana tunasali nyumbani kwa watu, lakini hata huko daftari la michango likifungwa, watu wanaaga.

Muulize mzazi kwa nini hakaribishi familia nyingine chakula cha Dominika, atakuambia amechoka. Mimi namwamini, maana ni mzazi mwenzangu. Siku sita ni kazi na daladala, Jumamosi ni kufua, Dominika jioni kuna sare za shule za kupiga pasi na madaftari ya kukagua. Ukimhubiria ukarimu, anasikia ameongezewa kazi.

Lakini kwa maoni yangu kinachomchosha si mgeni, ni sherehe. Tumejizoesha kwamba mgeni haketi bila pilau, kuku na soda. Viti viazimwe, mapazia yafuliwe, watoto wafokewe tangu alfajiri. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, sidhani walimaanisha mwenyeji amalize siku akitafuta dawa ya kichwa.

Nasoma Mwanzo 18 na kucheka kidogo. Abrahamu anawaahidi wageni kipande cha mkate tu, kisha anakimbia hemani kumwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga upesi, na ndama anachinjwa. Ni mchana wa jua kali, na hatusikii Sara akiulizwa kama ana nguvu. Akina baba wengi tumeirithi sehemu hiyo: tunakaribisha watu mlangoni mwa kanisa, mke anapata habari njiani. Tunasahau kwamba Abrahamu mwenyewe alikimbilia zizini, akaandaa, na wageni walipokula alisimama karibu nao chini ya mti akiwahudumia. Hakukaa sebuleni akisubiri sahani.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, anaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo. Sura hiyo hiyo inapanga ndugu wawili wa jiko la wageni, na kutaka waongezewe wasaidizi kazi ikizidi, ili wahudumu bila manung'uniko. Alijua kwamba wanaopika wanachoka hata monasterini. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anapohimiza kukaribishana anataja manung'uniko papo hapo. Nyumba ambayo mama ananung'unikia masufuria peke yake haijatimiza agizo hilo hata kama pilau ni tamu.

Kwa hiyo karibisheni, ila pikeni kile ambacho mngekula wenyewe. Ugali, maharage na mchicha vinatosha. Anayeongezeka ni mtu, na unga unapimwa zaidi kidogo. Mgeni akiuliza alete nini, tuache kujibu "njoo tu". Alete matunda. Watoto wa nyumba zote mbili waoshe vyombo pamoja, wa kiume wakiwemo. Na saa kumi watu waage bila kuonekana hawana adabu, kwa sababu kesho ni Jumatatu kwa kila mtu.

Yohane Paulo II, katika barua yake Dies Domini ya mwaka 1998, alipendekeza siku ya Bwana tualike mezani walio wapweke. Kwetu hao ni mpangaji mpya asiyejua mtu, mjane ambaye watoto wake wako mbali, baba anayelea wanae peke yake. Hawa hawahitaji kuku. Baadhi yao wanaogopa hata kualikwa mezani penye kuku, kwa kuwa wanajua hawataweza kurudisha.

Nanyi mafrateri, mkija likizo mnatembelea kaya nyingi, na kwa heshima yenu watu wanachinja. Mnaweza kutusaidia sana. Tumeni ujumbe mapema kwamba mtakula kilichopo, kisha mkifika kileni kweli, hata kama ni dagaa. Na kama mama wa nyumba bado yuko jikoni wakati sala ya chakula inaanza, msisali kabla hajafika.