Goku hana mbio za mwanga (na mimi naomba radhi kwa dogo)

Kimya kirefu, najua. Tupo fildi huku Kifungilo, Lushoto, baridi ya kufa mtu, nafundisha Fizikia nimevaa sweta mbili. Leo siongelei andalio la somo wala wasimamizi. Naongelea ubishi, na msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungushane: Goku hana mbio za mwanga. Hana!

Ilianza hivi. Wiki iliyopita nilimnyang'anya dogo mmoja wa kidato cha pili daftari la Fizikia. Kurasa za nyuma zote kamchora Goku, nywele zimesimama, na chini kaandika kwa herufi kubwa: KASI = MWANGA. Nikamsema mbele ya darasa, kwamba hapa ni Fizikia, si katuni. Wenzake wakacheka, dogo akainama. Mimi nikajiona mwalimu kweli kweli.

Jioni nikamwonyesha mwenzangu ninayekaa naye geto, yeye anachukua Historia na Kiswahili. Nilidhani tutacheka wote. Jamaa akasema, "Dogo yuko sahihi, mwalimu. Tena kampunguzia." Duh! Hapo chai ikapoa.

Kwa wasiomjua: Goku ni mpiganaji wa Dragon Ball, katuni ya Kijapani aliyoichora marehemu Akira Toriyama kuanzia 1984 mpaka 1995. Hoja ya jamaa ilikuwa hii: mzee Muten Roshi, mwalimu wa zamani wa Goku, aliwahi kuulipua mwezi kwa mionzi ya mikono yake. Mwezi uko kilometa kama 384,000 kutoka hapa, na mionzi ilifika chap chap. Goku anaikwepa mionzi ya namna hiyo kila siku, kwa hiyo ana mbio kuipita. Kesi imefungwa.

Haijafungwa. Kwanza, mpiga manati hawi na mbio za jiwe lake. Pili, kukwepa si kukimbizana. Golikipa anayepangua penalti hajaushinda mpira kwa mbio, kamsoma mpigaji mguu na bega kabla hajapiga. Goku naye anaangalia mikono ya adui.

Wakati tunabishana, radi ikapiga ng'ambo ya bonde. Nikamwambia hesabu. Tulifika tisa ndipo ngurumo ikatufikia. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo radi ilikuwa kilometa 3 hivi kutoka kwetu. Sasa mwanga wenyewe ulitumia muda gani? Chukua sekunde moja, igawe vipande laki moja. Kipande kimoja, basi. Hicho ndicho kitu mnachomlinganisha nacho binadamu mwenye miguu! (Sawa, si binadamu, ni Msaiya. Miguu anayo.)

Mimi ushahidi wangu ni mmoja, na umo humo humo kwenye katuni: Njia ya Nyoka. Goku akiwa amekufa alipita njia hiyo kwenda kwa King Kai kufundishwa. Urefu wake umetajwa, kilometa milioni moja. Kwenda alitumia miezi kama sita, ambayo ni kama kilometa 230 kwa saa bila kulala. Baada ya mafunzo akarudi mbio kuwahi Wasaiya, na hakumaliza siku mbili. Tumpe ukarimu, tuseme siku moja. Milioni moja gawanya kwa 24, unapata kilometa 41,667 kwa saa, au kama 11.6 kwa sekunde. Mombo mpaka Lushoto, ile barabara ya kona kona inayotutapisha, angeimaliza kwenye sekunde tatu. Si mchezo!

Lakini mwanga unakwenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Njia ya Nyoka nzima ungeimaliza kwa sekunde 3.3. Goku siku nzima.

Jamaa akaja na hoja ambayo kwa kweli niliiheshimu. "Mwalimu, hiyo ni safari ndefu. Ukimpima Simbu kwenye marathoni huwezi kusema ndiyo mwisho wa mbio zake." Kweli. Basi tukapima. Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48. Hiyo ni kama kilometa 19.5 kwa saa. Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, sawa na kama 36.8 kwa saa. Yaani mbio fupi hazifiki hata mara mbili ya mbio ndefu. Mpe Goku mara mbili. Mpe mara kumi! Bado mwanga unamwacha zaidi ya mara elfu mbili.

Na msiniletee ile mbinu yake ya baadaye ya kutoweka hapa na kutokea kule. Asiyepita njiani hana mwendo wa kupimwa.

Ila kuna jambo liliniuma zaidi ya ubishi. Mnakumbuka kwa nini Goku alichelewa? King Kai alimfundisha kila kitu, kwenye sayari ambayo uzito ni mara kumi ya huku kwetu, halafu akasahau kupigia hesabu muda wa kurudi. Umbali gawanya kwa kasi, swali la kidato cha pili! Goku anafika, Piccolo, Yamcha, Tenshinhan na Chaozu wameshakufa. Simbu naye pale Tokyo alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu, kama shubiri moja. Mbio zina maana pale zinapokufikisha kwa wakati. Mkimpa Goku mbio za mwanga, mnamnyang'anya kule kuchelewa, na bila kuchelewa hakuna hadithi.

Na mimi? Nilikuwa na dogo aliyeandika KASI kwenye daftari kwa hiari yake, bila kutumwa, nikamfunga mdomo. King Kai alisahau hesabu, mimi niliifukuza darasani.

Jumatatu nikarudisha daftari, nikaomba radhi mbele ya darasa lile lile, nikaandika ubaoni: kilometa 1,000,000, siku moja, tafuta kasi. Sijawahi kuona darasa linagawanya kwa bidii vile. Dogo akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama alilala njiani?" Nikabaki nimeshika chaki, maana hapo kaingia kwenye kasi ya wastani kabla sijaifundisha.

Jibu lake lilipotoka hakufuta neno MWANGA. Kaongeza alama ya kuuliza mbele yake. Mimi hiyo inanitosha.

Naomba kuwasilisha. Wabishi karibuni, ila mje na namba.