MUUAJI ALIKUWA POLISI!

Joseph James DeAngelo alikamatwa huko California, Marekani, Aprili 2018, akiwa mzee wa miaka 72. Mwaka 2020 alikiri kuua watu 13 kati ya 1975 na 1986. Na alikuwa nani? Askari polisi! Wa kwanza alimuua akiwa bado kazini. Alifukuzwa 1979, tena kwa wizi mdogo wa dukani.

Kilichomnasa ni mbegu zake za kiume, zilizotunzwa kwenye friza tangu mauaji ya 1980. Wapelelezi walilinganisha vinasaba hivyo na vya wananchi waliokuwa wakitafuta koo zao kwenye intaneti, wakapata ndugu zake wa mbali, wakaufuata ukoo hadi mlangoni kwake. Wakamalizia na tishu aliyoitupa jalalani.

Tunampongeza aliyetunza kielelezo kile. Jalada linaweza kufunguliwa upya hata baada ya miaka 40, lakini kielelezo kilichotupwa hakirudi.

Hata hivyo, wale ndugu hawakuulizwa. Vinasaba vya mtu mmoja ni siri ya ukoo mzima, wakiwamo ambao hawajazaliwa. Ilipofika 2019 ndipo GEDmatch, mtandao uliotumika, ukaweka sharti kwamba polisi wasichungulie ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Kwa nini sharti lije baadaye? Polisi walikaa na muuaji meza moja wasimtambue. Leo hao hao wakabidhiwe damu za watu wote bila hakimu kuuliza?