Ukitapeliwa, uanzie mlango gani?

Tangu mwaka 2025 uanze, matapeli wamepata soko katika makazi ya wakimbizi ya Uganda. Tarehe 20 Januari mwaka huo, rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na wiki moja baadaye ikaanza kutumika. Mwaka uliotangulia, Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote lililopokelewa huko. Kisha mwezi Mei, WFP ikakosa fedha na watu wapatao milioni moja nchini Uganda wakaondolewa kwenye msaada wa chakula. Familia ambayo faili yake imesimama na chakula chake kimekatwa humsikiliza kwa makini mtu yeyote anayesema, "Mimi najua njia."

Yuko anayejiita mtu wa HCR na kuuza nafasi ya safari. Yuko anayeomba "kitu kidogo" ili alirudishe jina lako kwenye orodha. Mwingine hudai ada ya fomu ya kazi au ya masomo, na mwingine hupiga simu akisema umeshinda zawadi, au pesa zake zimeingia kwako kwa bahati mbaya. Wenyeji nao hawajasalimika. Ujumbe unaoingia kwenye simu ya mkimbizi wa Nakivale unaingia vilevile kwa mkulima wa Isingiro.

Kinachowapa matapeli nafasi ni kuchelewa kwetu. Aliyeibiwa huona aibu, hukaa kimya siku mbili, kisha huanza kuzunguka: kwa mwenyekiti, kwa shirika hili, kwa shirika lile. Anapofika mahali panapohusika, pesa zimekwisha kutolewa kwa wakala. Ndiyo maana ni muhimu kujua kila mlango una uwezo gani.

Pesa zikitoka kwenye simu

Anza na kampuni ya simu, siku hiyo hiyo, hata saa hiyo hiyo. Kwa MTN na kwa Airtel, piga 100. Kampuni ndiyo yenye uwezo wa kuzuia pesa ambazo bado hazijatolewa na kufunga namba ya tapeli. Usifute ujumbe wowote: namba iliyokupigia, namba ya muamala, kiasi na saa ndivyo vitakavyoulizwa. Kama ulitaja namba yako ya siri, ibadilishe mara moja. Kampuni isipokujali, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC), simu ya bure 0800 222 777, au Benki Kuu ya Uganda, ambayo husimamia pesa za simu chini ya sheria ya mwaka 2020.

Kisha nenda polisi

Utapeli ni kosa la jinai, na ule unaofanywa kwa simu au mtandao unaguswa pia na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Kuandikisha kesi ni bure. Usiondoke kituoni bila namba ya SD, yaani namba ya kitabu cha kituo, kwa sababu bila hiyo huna cha kufuatilia. Kuwa mkimbizi hakukuondolei haki hii: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ibara ya 16, unakupa haki ya kwenda mahakamani.

Anayehusika akiwa mfanyakazi wa msaada

Kuandikishwa, kuhojiwa, chakula, kadi na safari ya nchi ya tatu ni huduma za bure. Anayekuomba pesa au ngono kwa ajili ya huduma hizo anatenda kosa, awe mfanyakazi wa shirika, ofisa wa OPM, mlinzi, mkalimani au kiongozi wa wakimbizi. Piga 0800 323 232, simu ya bure inayotumiwa na UNHCR, OPM na mashirika mengine, ambako unaweza kuzungumza Kiswahili. Ukiogopa watu wa hapo karibu na anayehusika ni wa UNHCR, taarifa inaweza kwenda moja kwa moja kwa Mkaguzi Mkuu wake kule Geneva, kupitia www.unhcr.org/igo-complaints. Si lazima utaje jina lako, ingawa ukiacha njia ya kukupata, uchunguzi huwa rahisi.

Na mwenyekiti je?

Mwenyekiti wa RWC, au wa LC1 kwa wenyeji, anaweza kusuluhisha deni kati ya majirani na kukusindikiza polisi. Hawezi kufunga namba ya simu wala kumkamata mtu aliye Kampala. Mwendee, lakini usimfanye kituo cha kwanza wakati pesa zinakimbia.

Wengi huuliza: nikisema kwamba nililipa, faili yangu haitakufa? Kutoa taarifa kwa nia njema hakuharibu faili. Kinachoiharibu ni kununua jina la mtu mwingine au kuongeza watoto wasio wako. Kama ulilipa kwa kudanganywa, kusema mapema ndiko kunakukinga.

Tusidanganyane. Pesa zikishatolewa, ni mara chache zinarudi. Lakini taarifa hazipotei bure. Mapema mwaka 2018 zilitolewa tuhuma kwamba wakimbizi wanadaiwa rushwa ili waandikishwe na kwamba msaada unaibwa. Maofisa wa juu wa OPM walisimamishwa kazi, wakimbizi wote nchini wakahakikiwa upya kwa alama za vidole, na idadi iliyokuwa milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Laini ya 0800 323 232 ilizaliwa katika kipindi hicho.

Mtu mmoja akilalamika, anaweza kuambiwa hana ushahidi. Watu kumi wakitaja namba ile ile au jina lile lile, huo ndio ushahidi wenyewe. Kwa hiyo toa taarifa hata kama ulichopoteza ni shilingi 20,000 tu, na hata kama ulikata simu kabla ya kutuma chochote. Ziandike namba hizi mahali ambapo nyumba nzima itaziona, wakiwemo wazee wasiosoma ujumbe wenyewe.