Matone ya polio: wazazi wajibiwe, watoto wachanjwe

Kila kampeni ya chanjo ya polio inapokaribia kambi za wakimbizi wa vita, uvumi huitangulia. Wako wazazi wanaoficha watoto wakisema matone yale yana virusi. Kwa hilo hawakosei: ndani yake mna kirusi hai cha polio, ila kimedhoofishwa. Kosa ni kudhani kwamba kirusi kama hicho hakiwezi kumfaa mtu.

Kazi ya Daktari Matthias Gromeier inaonyesha kinyume. Alitoka Ujerumani kwenda Marekani, na tangu miaka ya 1990 anatafuta silaha dhidi ya glioblastoma, saratani ya ubongo inayoua wagonjwa wengi kabla ya miaka 2, hata wakipasuliwa na kupigwa mionzi. Alichukua kirusi cha chanjo ya polio, akatoa kipande chake kimoja na kuweka kingine kutoka kirusi cha mafua. Kirusi kilichopatikana hakiwezi kuzaana katika chembe za neva na kupoozesha mtu, lakini kinaingia katika chembe za saratani. Hapo kinga ya mwili, ambayo uvimbe ulikuwa umeilaza, inashtuka na kuushambulia.

Marekani kwenyewe watu waliogopa. Yalitakiwa majaribio ya miaka mingi, hata kwa nyani, kabla ya mgonjwa wa kwanza kutibiwa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2018 yakatangazwa matokeo ya wagonjwa 61: baada ya miaka 3, asilimia 21 walikuwa hai, wakati kwa wagonjwa wa zamani waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 4. Si muujiza. Wengi walifariki, na wengine walipata madhara makubwa.

Wazazi waangalie jambo moja: kabla ya tiba hiyo, wagonjwa walichanjwa polio tena. Kinga ya chanjo ya utotoni hubaki mwilini kama kumbukumbu, na majaribio kwa panya yameonyesha kwamba kumbukumbu hiyo husaidia kupambana na uvimbe.

Ni kweli pia kwamba mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi cha matone kinaweza kuzunguka muda mrefu hadi kirudiwe na nguvu. Congo imeyaona hayo. Lakini njia hiyo inafunguliwa na wingi wa watoto waliokosa chanjo, na katika kambi yenye mahema yaliyobanana na vyoo vichache, polio hupita haraka. Kumficha mtoto ni kumweka mbele ya hatari ile ile inayoogopwa.

Wachanjaji nao wasiwafokee wazazi. Mama aliyekimbia vita mara tatu ana haki ya kuuliza kinachotiwa kinywani mwa mwanawe. Ajibiwe ukweli wote, hata ule mgumu. Akishajibiwa, amlete mtoto.