Mtoto Akinyamaza, Uliza Mbele ya Kupiga



Mtoto akishikwa na malaria, nyumba yote inaamka usiku kumpeleka hospitali. Lakini moyo wake ukilemewa, tunasema: "Ni mvivu", "Ana kichwa kigumu", ao "Kuna mkono wa mtu." Mwezi huu tuongee juu ya jambo hilo, kwani hapa kwetu Kindu, na kule Kalima, Kailo na Punia, linaharibu masomo ya vijana wengi bila kuonekana.

Tuchukue mfano. Kijana ametoka kwenye machimbo, kule baba yake anachimba kasiterite. Amekuja kukaa Alunguli kwa mjomba wake juu ya masomo. Kila asubuhi anavuka Lualaba na mtumbwi. Jioni anachota maji, anauza mafuta ya mawese, na usiku anashika daftari akiwa na njaa. Tangu 2019 shule za msingi za Serikali ni za bure, lakini sekondari mzazi angali analipa. Bei ya kasiterite ikianguka, pesa haifiki, na kijana anatolewa kwenye klasi mbele ya wenzake. Akifika mwaka wa mwisho, kuna mtihani wa Serikali, ambao tangu 1967 ndio mlango wa universite. Jamaa yote inamtazama yeye. Akikosa usingizi, tutashangaa? Akiacha shule na kurudi kwenye machimbo, tutasema ni tamaa ya pesa tu?

Wengine wanabeba na mzigo wa vita. Waliona mambo ambayo mtoto hapaswi kuona, na yanarudi katika ndoto.

Msiseme ni ugonjwa wa wazungu. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba katika vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana ugonjwa wa akili. Si lazima awe yule anayetembea uchi njiani. Mara nyingi ni yule anayekaa kimya nyuma ya klasi.

Basi, angalieni alama hizi, zaidi kama zinapita juma mbili:
1. Alikuwa mchangamfu, sasa anajitenga na wenzake.
2. Halali vizuri, ao analala muda wote, chakula hakitaki.
3. Pointi zinashuka ghafla.
4. Kila siku kichwa ao tumbo linauma, na hospitali hawaoni kitu.
5. Anaanza pombe ao bangi.
6. Anasema: "Mimi sina faida", ao "Afazali nife."

Baba, mama, ukiona hayo, fimbo haitasaidia. Keti naye pembeni, si mbele ya wageni, umwambie: "Mwanangu, naona umebadilika. Ni nini kinakulemea?" Halafu unyamaze, usikilize. Usikimbilie kusema, "Sisi zamani tuliteseka zaidi." Na usikubali mtu amwite mchawi. Katiba ya inchi yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Kumwombea ni vema. Lakini kumfungia na kumnyima chakula ni kumtesa. Sala na munganga havigombani.

Bwana Prefe, na ninyi walimu, msidhani kwamba kazi hii inaomba pesa nyingi. Kule Kenya kuna mpango unaoitwa Shamiri. Walichukua vijana wa miaka 17 mpaka 21, waliomaliza sekondari nyuma kidogo, wakawafundisha kuongoza mazungumzo, sawa vile yaya zao wanafunzi. Wanafunzi wenye huzuni ao wasiwasi walikutana kwa vikundi, saa moja kwa juma, juma 4 tu. Waliongea namna mtu anavyoweza kukua na kubadilika, namna ya kushukuru, na mambo anayoyaona kuwa ya maana katika maisha. Uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 413 na kutangazwa 2021 ulionyesha kwamba huzuni na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa tu namna ya kujifunza masomo. Je, sisi tutakosa saa moja kwa juma, chini ya mwembe wa shule?

Na wewe kijana: rafiki yako akikuambia anataka kufa, usicheke, na usifiche siri hiyo. Kumuuliza wazi kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema. Usimwache peke yake. Ita mtu mzima unayemwamini, muondoe sumu, dawa na kamba karibu naye, na mumfikishe kwa munganga siku ileile. Atakukasirikia leo, lakini kesho atakuwa hai.

Kama ni wewe mwenyewe unayelemewa, kusema si uoga. Mzigo mzito tunaita wenzetu watusaidie kuutwika. Na huu vilevile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Mtoto wetu akiwa na shida, anamwambia nani?
– Juma hili, nani kati yetu amekuwa kimya kuliko kawaida?
– Katika shule yetu, mwanafunzi anaweza kuongea na nani bila kuogopa azabu?