Asisingiziwe Shetani
Mtu auapo mkewe na watoto, iwe Tunduma au kwingineko mkoani Songwe, husikika neno moja: “Shetani kampitia.” Sisi hatukubali. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wanawake na wasichana wapatao 140 duniani waliuawa kila siku na wenzi au jamaa zao. Shetani mmoja haiwezi kazi hiyo. Wapo wagonjwa wa akili kweli, na sheria yetu yawatambua. Lakini mara nyingi muuaji wa namna hii alikwisha kupiga na kutishia, naye huua mke atakapo kuondoka, maana amemfanya mali yake. Majirani walisikia. Na balozi wa shina aliyearifiwa, akajibu kwamba ya ndani hayamhusu, alikuwa balozi wa nani?