Moto melini: maji yanayouzima ndiyo yanayozamisha



Mtu wa Kagunga ukimuuliza anaogopa nini ziwani atakutajia upepo na mawimbi. Moto hautaji kabisa. Ukiutaja wewe atacheka: moto wa nini wakati tumezungukwa na maji? Leo tuliongelee hilo, kwa sababu hata Jeshi la Wanamaji la Marekani, pamoja na pesa zake zote, limeshapoteza meli kwa moto. Sisi tunapanda boti za mbao, petroli ikiwa kwenye madumu miguuni mwetu.

Tuanze na ziwa letu. Tarehe 9 Februari 1916, wakati Kigoma iko chini ya Wajerumani, meli yao ya mvuke yenye mizinga, Hedwig von Wissmann, ilitoka kuitafuta mwenzake Kingani. Hawakujua kwamba Waingereza wameshaiteka Kingani tangu 26 Desemba 1915 na kuipa jina jipya, Fifi. Hedwig ikakutana na hiyo hiyo Fifi ikiwa pamoja na boti nyingine iliyoitwa Mimi. Kombora likaingia chumba cha injini, bwela likapasuka, moto ukasambaa. Nahodha wake hakuwa na la kufanya, akaamuru watu waiache meli na baruti zitegwe iende chini.

Unaweza kusema hiyo ilikuwa meli ya zamani. Sawa. Njoo 1982, vita ya Falklands. Tarehe 4 Mei manowari ya Uingereza HMS Sheffield ilipigwa kombora na ndege ya Argentina. Bomba kuu la maji ya kuzimia moto likaharibika palepale. Yaani wanajeshi wako katikati ya bahari, maji kila upande, na hawana maji ya kuzimia! Watu 20 wakafa, meli ikaungua, na siku sita baadaye ikazama ikiwa inavutwa.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Nyumba ikiungua unatoka nje, unaita majirani, na zimamoto wanafika, hata wakichelewa. Melini nje ni maji, na zimamoto ni nyie wenyewe mliomo ndani. Moshi unapita kwenye matundu ya hewa na nyaya na unaua kabla moto haujamfikia mtu. Chuma nacho kinapitisha joto: chumba kimoja kikiwaka, rangi na mizigo ya chumba cha pili inaweza kushika moto bila mwali kupita. Ndiyo maana mabaharia wa jeshi wanafundishwa kupoza kuta za pande zote, juu na chini pia, sio kumwagia maji pale panapowaka tu.

Halafu kuna mtego mwingine ambao wengi hatuujui. Maji yenyewe yanaweza kuimaliza meli. Mwaka 1942, tena tarehe 9 Februari, meli kubwa ya Kifaransa Normandie ilikuwa imefungwa gatini New York, Wamarekani wanaigeuza kuwa meli ya kubeba askari. Cheche za fundi wa kuchomelea zikaangukia lundo la maboya ya kuokolea. Mipira ya zimamoto wa mji haikuingia kwenye viunganishi vya Kifaransa. Walipopata njia wakamwaga maji mengi mno kwenye sitaha za juu. Moto ukazimika, lakini meli ikaanza kulala upande, na usiku huohuo ikapinduka palepale gatini. Maji yakiwa huru ndani ya meli yanakimbilia upande unaoinama, na kadiri inavyoinama ndivyo yanavyozidi kuivuta.

Kwenye mafuta ni balaa zaidi. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye meli ya kubeba ndege USS Forrestal, timu ya zimamoto iliyofundishwa iliuawa mwanzoni kabisa na bomu lililolipuka. Waliobaki walikuwa na moyo lakini wengi hawakuwa na mafunzo. Wengine wakamwaga maji juu ya povu lililowekwa na wenzao, povu likasafishwa, na mafuta yanayowaka yakateremka kwenye vyumba vya chini kupitia matundu ya sitaha. Waliokufa walikuwa 134.

Na msidhani wamejifunza wakamaliza. Julai 2020 USS Bonhomme Richard iliwaka zaidi ya siku nne ikiwa gatini San Diego. Uchunguzi wa jeshi lao ulikuta vifaa vingi vya kuzimia moto havifanyi kazi, na kitufe cha kuachia povu hakikubonyezwa na mtu. Meli ya mabilioni ikaenda kuuzwa chuma chakavu.

Sasa rudi Kagunga. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana pale ufukweni, kipindupindu kikaingia. MV Liemba ikawa inasimama majini, watu wanapelekwa kwa boti ndogo, kama 600 kwa safari, kwenda Kigoma. Liemba ni ile ile Graf von Götzen ya Wajerumani ya 1915. Jiulize: sufuria moja ya mafuta ingewaka sitahani usiku ule, watu 600 wangekimbilia wapi? Upande mmoja! Na meli ingelala kabla moto haujaua mtu.

Mnasema natisha watu? Aprili 2025, karibu na Mbandaka huko Kongo, boti ya mbao yenye mamia ya abiria iliwaka mtoni. Taarifa zilisema moto ulianzia kwa mtu aliyekuwa anapika. Wengi waliruka majini bila kujua kuogelea. Vifo vikapita 140.

Kwa maoni yangu, haya hayahitaji mfadhili:

1. Petroli ya ziada isikae na abiria, na dumu lifungwe kwa kifuniko, sio kwa nailoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya boti ukisubiri cheche.
2. Hakuna kupika wala kuvuta sigara safarini. Nahodha aseme, na sisi abiria tusimbishie.
3. Mtungi wa kuzimia moto uwepo, na mtu anayejua kuutumia awepo. Petroli ikiwaka usimwage maji: yenyewe inaelea juu yake na moto unatembea nayo. Tumia mtungi wa unga au povu, au mchanga.
4. Abiria wakae pale walipo wakati wawili watatu wanazima.
5. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu mwanzo, lisikaliwe kama mto.

TASAC ipo tangu 2018 na kazi ya kukagua vyombo ni yake. Lakini mkaguzi hawezi kupanda kila boti inayotoka Kagunga alfajiri. Forrestal ilikuwa na vifaa na ikakosa watu wenye mafunzo. Bonhomme Richard ilikuwa na kitufe na ikakosa mkono wa kukibonyeza. Boti zetu nyingi hazina kitufe cha kubonyeza. Zina mimi na wewe tuliokaa juu ya dumu.

Wa Kigoma, Ujiji, Mwamgongo na Kagunga, boti uliyopanda mara ya mwisho ulikuwa na mtungi wa moto? Uliuona kwa macho yako? Semeni hapo chini.